Rusmadi na Kompyuta ya Ofisini

Rusmadi alipiga video za harusi kwa miaka ishirini na mbili, na sidhani kama mji wetu wa Mojokerto, hapa Java, ulikuwa na mtu aliyechoshwa na harusi kama yeye. Nayajua haya kwa sababu miaka tisa kati ya hiyo nilikuwa naye. Yeye alishika kamera ya kwanza, akasimama mbele karibu na jukwaa la maharusi. Mimi nilishika ya pili, nikazunguka kwa wageni, jikoni na nyuma ya mapazia. Jina langu ni Kuncoro. Yeye aliniita Kun, na mimi nilimwita Mas Rus, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka hamsini na minne. Mgongo ulikuwa umeharibika kwa kubeba mabegi ya kamera na vyuma vya taa. Harusi ikiisha hakuweza kuketi moja kwa moja. Alisimama kwanza ameegemea gari, mikono kiunoni, akipumua kama mtu aliyetoka kupanda ngazi ndefu, mpaka kiuno kikubali kukunjika.

"Haya, Kun," alisema siku moja akiwa hivyohivyo. "Wao wameoana. Sasa zamu yetu kuteseka."

Mateso aliyoyasema yalikuwa kompyuta.

Aliinunua kwenye ofisi moja ya bima iliyokuwa ikifunga tawi lake. Lilikuwa sanduku jeusi, zito, lenye kibandiko cha namba ya mali ya ofisi ubavuni. Kiwanda kiliiunda kwa ajili ya makarani, waandike barua, wajaze fomu, wachape, waende nyumbani. Mas Rus akaifanyisha kazi ya kuhariri video. Harusi ikishakatwa na kuungwa, kompyuta lazima ikae iichakate yote iwe faili moja, na sisi kazi hiyo tuliita kupika. Kwenye sanduku lile harusi moja ilipikwa kwa saa saba, wakati mwingine nane, na muda wote huo hukuweza kulitumia kwa jambo jingine. Mas Rus alivuta kiti akaketi kutazama mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini. Asilimia kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Mke wake, Titik, alishona na kukodisha kebaya, zile blauzi za lesi za sherehe, katika sebule hiyohiyo. Alimtazama juu ya miwani yake.

"Ukiikodolea macho hivyo itaona haya isimame kabisa."

"Isimame tu. Na mimi nipate kusimama."

Mwezi wa Mfunguo Tatu, ambao sisi tunauita Besar, ndio mwezi wa harusi kwetu. Baada yake unakuja Suro, na ndani ya Suro hakuna Mjava anayeoza binti yake. Kwa hiyo watu wote hujibana humo. Mwaka ule tulikuwa na harusi kumi na tatu katika wiki nne. Tena walikuwa wametokea wapigapicha wapya, wenye kompyuta za kuchezea michezo zinazowaka taa za rangirangi, ambao walimtumia bwana harusi kipande cha video kwenye simu kabla wageni hawajanawa mikono. Wateja wetu, waliomwita Pak, yaani baba, nao wakaanza kuuliza: "Pak Rus, yetu lini?" Swali lilikuwa la upole, lakini lilikuja kila siku.

Ndipo siku moja akafunga sanduku kwa kamba nyuma ya pikipiki yangu, tukalipeleka kwa Koh Bing.

Koh Bing, yaani kaka Bing, ni Mchina wa hapa hapa, aliyezaliwa nyuma ya soko, na tangu utoto wake amekuwa akifungua vitu. Duka lake la kutengeneza kompyuta ni dogo kiasi kwamba mteja wa pili husubiri barabarani. Alifungua kifuniko, akang'oa feni, akaifuta ile grisi ya kijivu iliyopakwa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kisha akainama na tochi.

"Lo! Mas Rus, hii haikuwa ya karani. Hii ilikuwa ya bosi."

"Umejuaje?"

"Tazama herufi ya mwisho hapa. Prosesa yenye herufi hii kiwanda kimeiachia mlango wazi. Unaweza kuiambia ikimbie kuliko kasi iliyoandikwa. Bosi aliagiza bora kuliko zote ili awajibu watu barua pepe."

Sijawahi kuona uso wa Mas Rus ukibadilika haraka namna ile. "Basi iambie ikimbie."

Koh Bing alipaka grisi kidogo iliyobaki ndani ya kichupa chake, akarudisha feni, akaiwasha, akabonyeza kitufe mpaka ukatokea ukurasa wa mipangilio wa bodi, lile bamba linaloshika vifaa vyote, ukurasa unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri. Tukausogelea sote watatu.

"Hapa pana nini?" aliuliza Mas Rus.

"Tarehe."

"Na hapa?"

"Nywila."

"Na hapa chini?"

"Hapo unachagua ikiwaka ilie *tiit*, au inyamaze."

"Basi?"

"Basi. Hiyo ndiyo bodi ya ofisi. Aliyeitengeneza hakutaka karani aguse kitu. Prosesa ina mlango wazi, lakini bodi imejenga ukuta mbele ya mlango."

"Badilisha bodi."

"Bodi ya dukani haiingii humu. Matundu ya skrubu yako kwingine, plagi za umeme si za kawaida. Nikibadilisha bodi nitabadilisha na kisanduku cha umeme, nikibadilisha hicho nitabadilisha na sanduku lenyewe. Mwisho utakuwa umenunua kompyuta nyingine, na wewe umeniambia huwezi."

Binti wa Mas Rus alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha ukunga kule Malang, na kila mtu pale dukani alijua ada yake ndiyo sababu hawezi.

Nadhani Koh Bing alimhurumia. Alikuna kidevu, akasema ipo programu ndogo ambayo huingia kwa mlango wa nyuma. Kompyuta ikishaamka, programu ile inaiomba prosesa iongeze mwendo, na bodi nyingine za zamani hazijui kukataa. Lakini volteji haishikiki, wala feni. Akaelekeza kalamu kwenye vijipande vyeusi vya mraba vilivyopangwa kando ya prosesa.

"Hivi ndivyo vinavyoilisha umeme. Kwenye bodi za watu wa michezo vinavikwa chuma cha kupoza. Hivi viko uchi. Mas, ukiongeza, ongeza kidogo, halafu usije ukasema Bing hakukuambia."

"Umeniambia," alisema Mas Rus, na tayari alikuwa anafunga kamba.

Alianza kwa adabu. Kasi ya kawaida ilikuwa thelathini na nane kwa hesabu ya ile programu, akaweka arobaini. Harusi ya Jumapili ikapikwa kwa saa sita na kitu. Akaweka arobaini na mbili, ikapikwa kwa saa sita kasoro. Alinipigia simu mchana kuniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto.

"Kun! Kabla ya adhuhuri, Kun! Nimekula chakula cha mchana na kazi imeisha!"

Nilipokwenda nikakuta sanduku limevuliwa kifuniko cha ubavu, na ile feni kubwa ya sebuleni imesimamishwa mbele yake inalipuliza kwa nguvu zote. Titik alikuwa anashona huku jasho linamtiririka shingoni.

"Mimi mkewe kwa miaka ishirini na sita sina feni," aliniambia. "Mgonjwa wetu huyu anapepewa kama sultani."

"Wiki tatu tu, Tik. Mpaka Suro."

"Mpaka Suro nitakuwa nimeyeyuka. Utamwoa huyo."

Alicheka. Mas Rus naye alicheka, na nikakumbuka kwamba sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwezi wa Ramadhani.

Wiki ya tatu tulipiga harusi ya binti wa Pak Darmaji, mstaafu wa reli. Ilikuwa harusi ya kawaida, ya hema mtaani, mchuzi mweusi wa nyama tunaouita rawon, krupuk za kukaanga, ngoma za kukodi. Tuliahidi video baada ya wiki tatu. Siku ya tano baada ya harusi, Pak Darmaji alianguka bafuni asubuhi akafariki, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshazikwa.

Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyekuja. Jina lake Retnaning. Mikono yake ilikuwa bado na wekundu wa hina, na alikuwa amevaa nguo ya msiba. Aliketi ukingoni mwa kiti katikati ya kebaya zilizotundikwa.

"Pak Rus, samahani kukusumbua. Siku ya saba tunamsomea baba tahlili. Baba zangu wadogo wanakuja kutoka mbali, Lampung, hawakuwahi harusi. Mama anauliza kama video inaweza kuwa tayari. Wamuone baba."

Siku ya saba ilikuwa imebaki siku nne. Mas Rus alikuwa na harusi mbili nyingine kwenye foleni, na tatu za kwenda kupiga. Nilimtazama nikitumaini atasema ukweli.

"Itakuwa tayari, Mbak, dada yangu," alisema.

Alihariri siku mbili, akaniachia mimi harusi ya kwenda kupiga peke yangu. Alifanya kama alivyozoea: maua yanayofifia, majina ya maharusi yanayoelea, picha inayokwenda polepole maharusi wanapotupiana majani ya tambuu, na video nzima ikawa ya saa tatu. Siku ya tatu asubuhi, kabla ya kuanza kupika, aliongeza kasi mpaka arobaini na nne.

Nilifika adhuhuri. Joto la siku ile lilikuwa lile linalolainisha lami. Mstari ulikuwa asilimia themanini na moja, na Mas Rus amesimama nyuma ya kiti, ameshika mgongo. Ghafla sauti ikakatika. Feni ya ndani ilisimama, skrini ikawa nyeusi, na tukabaki tunasikia feni ya nje inapuliza sanduku lililokufa.

Mas Rus alisubiri, akaiwasha, akaanzisha upya kutoka sifuri. Programu ilionyesha arobaini na nne, lakini mstari haukutambaa. Dakika ishirini, asilimia moja. Alimpigia Koh Bing, akaweka sauti ya nje.

"Inajikinga," alisema Koh Bing. "Vile vijipande vya umeme vimepata moto, vinainyima prosesa chakula. Namba unayoiona ni ile uliyoiomba. Kwa kweli sasa hivi inakwenda polepole kuliko siku uliyoinunua. Izime, Mas."

"Nikiizima sitawahi."

"Usipoizima, itajizima."

Na ikajizima, wakati ule ule simu ikiwa bado mkononi. Safari hii, ilipoamka, faili ya kazi yote ya siku mbili, mikato, maua, majina, ilikataa kufunguka. Alijaribu nakala ya akiba. Nayo ikafunguka tupu, ukurasa wa kijivu usio na kitu.

Video zenyewe hazikupotea. Zilikuwa ndani ya kadi za kamera, kwa sababu tulikuwa na desturi ya kutozifuta mpaka mteja apokee. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia mara mbili. Mas Rus aliteleza chini akaketi sakafuni kando ya sanduku, jambo ambalo mgongo wake haukumruhusu, na baadaye tulilazimika kumnyanyua wawili. Titik aliacha cherehani, akaja akachomoa waya wa umeme ukutani.

"Nimechoka, Tik."

"Najua."

"Hujui. Nimechoka mpaka kwenye meno."

"Ninalala na wewe kitanda kimoja, Rus. Unasaga hayo meno usiku kucha. Najua."

Kisha akageuza ile feni kubwa, akamwelekezea yeye.

Koh Bing alikuja mwenyewe alasiri, amefunga duka, na mfuko wa vifaa kwapani. Alilitoa sanduku uani, akaling'oa kila kitu. Ndani ya mapezi ya chuma ya kupoza, chini ya feni, palikuwa na blanketi la vumbi na nyuzi za lesi za miaka minne, limeshikana kama sufi ya mto. Ile grisi aliyopaka mara ya kwanza, haba kwa haraka, ilikuwa imekauka na kupasuka. Alipuliza, akafuta, akapaka mpya ya kutosha. Akaifuta ile programu bila kuomba ruhusa, na prosesa ikarudi thelathini na nane kama kiwanda kilivyoiagiza.

"Ijaribu sasa," alisema.

Tulipika kipande cha harusi nyingine. Ilikuwa karibu sawa na kasi ya arobaini na mbili, na feni ya ndani hata haikupiga kelele. Mas Rus aliitazama ile saa ya kwenye skrini muda mrefu.

"Yaani miaka yote hii ilikuwa vumbi?"

"Si yote. Nusu."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ulikuja na kusema iambie ikimbie. Ningekuambia kaipige brashi, ungenisikiliza?"

Titik alijibu kwa niaba ya mumewe, "Asingekusikiliza," akampa Koh Bing chai.

Lakini ilibaki siku moja, na hata kompyuta safi haiwezi kufufua siku mbili. Nilisema twende tukawaambie kina Darmaji ukweli. Mas Rus alikuwa amelala chali kwenye mkeka, macho kwenye dari.

"Yule binti alisema nini hasa, Kun? Alisema anataka harusi?"

Nilifikiri. "Alisema wamuone baba."

"Basi lete kadi zote. Na zako."

Tulizitazama kadi tangu alfajiri iliyofuata mpaka adhuhuri, yeye amelala ubavu, mimi nimeketi na kipanya. Kila alipotokea Pak Darmaji nilikata nikaweka kando. Hatukutia maua wala wimbo. Kwenye kamera ya kwanza alikuwa mzee wa harusi kama wazee wote, amenyooka, anasalimia, anasahau mahali pa kusimama. Kwenye kamera yangu alikuwa mtu mwingine. Alipita jikoni kuonja rawon akachomwa ulimi. Aligombana na mpiga ngoma juu ya spika. Kisha nikafika kipande ambacho sikukumbuka kabisa kukipiga: ameketi peke yake nyuma ya pazia la jukwaa, amevua viatu vya kukodi, anajikanda vidole vya miguu. Ananiona na kamera. "Mwanangu, usinipige hapa," anasema. "Nimeoza binti mmoja tu, miguu imekwisha. Mwenye watano anafanyaje?" Halafu anacheka mwenyewe, anavaa viatu tena, anasimama kwa kujikaza, anatoka kwenda kwa wageni.

"Kiache kirefu hivyohivyo," alisema Mas Rus. "Usikate mwanzo wala mwisho."

Jumla ilikuwa dakika thelathini na sita. Sanduku la ofisi lilipika kwa muda wa saa moja, kwa kasi ya karani.

Tulipeleka baada ya swala ya alasiri, wakati mikeka inatandikwa kwa ajili ya tahlili. Mas Rus alimwambia mjane, Bu Darmaji, mlangoni kwamba hii si video waliyoahidiwa, kwamba kazi iliharibika kwa kosa lake mwenyewe, na harusi kamili itakuja baadaye. Alisema yote hayo amesimama, amefumbata mikono, kama anakiri kosa mbele ya hakimu. Mama yule aliitikia tu, akatuvuta ndani. Waliichomeka flashi tuliyoileta kwenye televisheni. Ndugu wa Lampung waliketi mbele. Walipomwona jikoni walianza kulia, hasa yule mdogo. Kilipofika kile kipande cha viatu Bu Darmaji alisogea karibu na skrini.

"Hebu rudisha."

Nilirudisha.

"Tazameni hiyo soksi. Imetoboka kidole gumba. Nilimwambia asiivae! Nilimwambia, Pak, wewe ni baba wa bibi harusi, vaa mpya. Akasema nani atamvua viatu." Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio, na dada zake wakamshika.

Tulipanda pikipiki kurudi. Karibu na daraja Mas Rus aliniomba nisimamishe pikipiki. Nilidhani mgongo. Alishuka, akasimama kando ya barabara akipangusa miwani kwa shati, malori yakipita, kisha akapanda tena. "Twende," alisema.

Harusi kamili waliipata wiki sita baadaye. Hawakuuliza hata mara moja. Wateja wengine wawili waliudhika kwa kucheleweshewa, na mmoja alitusema vibaya kwa jirani zake. Tangu hapo Mas Rus aliwaambia watu mapema kwamba kazi yake inachukua miezi miwili, na asiyeweza kusubiri aende kwa wenye taa za rangirangi. Wengi walikwenda. Miaka miwili baadaye, binti yake alipoanza kazi ya ukunga, Mas Rus aliniachia mimi kamera zote, akaanza kumsaidia Titik kupokea na kurudisha kebaya.

Lakini mwaka ule, Suro ilipoingia, nilikwenda kwake saa nne asubuhi kupeleka ndizi alizotuma mama yangu. Mlango ulikuwa wazi, cherehani imenyamaza, skrini imefunikwa kitambaa. Titik alinitokea jikoni na kidole mdomoni. Mas Rus alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya uso, na alikuwa hasagi meno.

"Tangu jana adhuhuri," alininong'oneza. "Ameamka kuswali tu."

Niliweka ndizi mezani, nikatoka polepole.